Kiputo Ulichokiacha Kwenye Chupa

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila shikamoo mkono unakataa.

Tangu tukuzike Ihumwa, simwamini mtu hapa maabara. Hata chai najichemshia mwenyewe. Usicheke, wewe ndiye uliyenifundisha: "Rehema, jibu likija zuri mno, lirudishe lilikotoka."

Ile programu yako, inayoigiza kwenye kompyuta picha ambayo kamera ya mionzi ingempiga mgonjwa, Yona, anayeiendesha sasa, anasema imefaulu. Kaweka picha mbili mbele yetu, ya kamera na ya kompyuta, zimefanana kama mapacha. Watu wakapiga makofi. Wataipa jina lako, na Mama Neema wako ameshashona nguo ya siku ya sherehe. Imebaki sahihi yangu tu. Nikiiweka, madaktari wataitumia kupimia dawa ya mionzi ya wagonjwa wa tezi ya shingo. Ikikosea, mtu ataunguzwa bure, au atarudi kwao Bahi na ugonjwa wake.

Nikaikazia macho ile picha ya kompyuta. Juu, karibu na kifuniko, kuna doa jeusi.

Unakumbuka tulivyoijaza ile chupa ya plastiki tuliyoiita mgonjwa wetu? Maji na dawa ya mionzi vikishaingia, ulikuwa unaigonga kwa kandambili mpaka hewa yote itoke. Siku ya kuipiga picha hii ya kamera uligonga kidogo tu, ukaacha kiputo kimoja, ukafunga. Nikakuuliza. Ukasema, "Kamera itakiona, kitatokea doa jeusi. Kompyuta hatuiambii, na kompyuta haioti ndoto." Tulikuwa wawili tu. Ulicheka mpaka ukakohoa, na kikohozi kile leo nakitamani.

Basi kompyuta imeota. Yona, uliyemwita "mwanangu", aliyelia kaburini kuliko watoto wako, kachukua picha ya kamera, kaichafua kidogo, kaiita ya kompyuta. Inaniuma, Mwalimu. Nilitaka awe mtu mwingine.

Na sasa nakushuku hata wewe. Kwa nini uliniambia mimi peke yangu? Ulimtegea Yona, au ulinitegea mimi, uone kama nitanyamaza kwa ajili ya jina lako? Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Jana Mama Neema kanionyesha ile nguo, nikasema imempendeza.

Kesho sitii sahihi. Nitaijaza chupa upya mbele ya wote, na Yona ataiendesha programu nikiwa nimekaa ubavuni kwake. Pengine ni nzuri kweli. Pengine siyo, na jina lako litabaki kwenye msalaba wa kaburi lako tu. Vyovyote itakavyokuwa, Jumapili nitakuja kukuambia mwenyewe.

Kwaheri, Mwalimu. Kandambili yako ninayo mimi. Nimeifungia kabatini, na ufunguo natembea nao.

Rehema wako