Halua Yako Tumeitoa Faini

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
28 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Twalib,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaiandika, marahaba. Vipi hali yako, na hali ya Najat na watoto? Joto la Maskati limepungua, au bado mnashinda ndani? Sie huku tunamshukuru Mungu, ila Mama si mzima, na mie dada yako nina hasira. Nimeona nikusalimie vizuri kwanza, maana nikishaanza sitajali tena adabu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono na kumpa Farida, anayesafiri kuja huko, akuletee, wakati simu zipo. Ni kwa sababu kwenye WhatsApp nakuandikia maneno mpaka macho yananiuma, wewe unanijibu dole gumba. Nikikupigia, uko kazini. Haya, karatasi haina dole gumba. Soma.

Kile kidonda cha Mama cha kisigino unakijua, picha nilikutumia. Kilianza kwa kuchubuliwa na ndala tu. Daktari wa kliniki ya sukari alituambia sote wawili tukiwa tumekaa mbele yake: sukari isiposhuka kidonda hakitakauka, na kisipokauka mguu utakatwa. Hakuzunguka. Mama alitoka mle ndani amenishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Basi tukaanza kazi. Sikiliza vizuri, maana na wewe damu ni hiyo hiyo. Vidonge vyake asubuhi na jioni, hilo halina mjadala. Ila ule uchu wa vitamu, vidonge haviuwezi, nikautafutia vya shambani. Maandazi nikayapiga marufuku. Asubuhi anakula mayai na mchicha, au maharage, kwa sababu tumbo likishiba sawasawa ulimi unatulia. Chai ni ya rangi, nimeitia mdalasini na iliki, sukari hakuna. Mjomba Mwishehe akatuletea mbegu za maboga kutoka shambani kwake Chanika, nikawa namkaangia anatafuna saa kumi, uchu ukipanda. Uwatu naloweka jioni, asubuhi anakunywa maji yake huku kakunja uso, ananilaani kimoyomoyo. Nilimuuliza nesi kama vinakwenda pamoja na dawa. Akasema tumia, ila mpime sukari kila mara, na ujue vinatuliza uchu tu, ugonjwa havitibu. Na uchu ulikuwa umeanza kukatika, wallahi.

Halafu ukaingia wewe.

Ukatuma asali na ujumbe wa sauti juu yake: Mama, achana na mavidonge ya hospitali, yanaharibu figo, kula asali, asali ni dawa. Twalib! Kazi yako ni kufunga viyoyozi, utabibu umesomea wapi? Asali ni neema ya Mungu na mie siikatai, lakini mgonjwa wa sukari haibugii kwa vijiko! Mama akausikiliza ujumbe ule asubuhi, akausikiliza mchana, akausikiliza usiku. Alikuwa anasikiliza sauti yako, wala si habari ya asali. Wewe ukisema mchanga ni dawa, atalamba mchanga.

Na halua je? Kila anayeshuka kutoka Maskati anabisha hodi na kopo. "Salamu za Twalib!" Nikimwambia Mama asile, ananijibu kuwa kitu kilichotoka kwenye mkono wa mwanawe hakitupwi.

Nilipombana nyumbani, akageuka mtazama wagonjwa. Mtu akipiga chafya mtaa wa pili, Mama keshavaa baibui anakwenda kumpa pole, na anakwendaga saa kumi, saa ya chai. Nani atamnyima mgeni mtu mzima sukari? Siku moja nilimfuata, nikampokonya kikombe mkononi mbele za watu. Akaniuliza, "Tabu, mie nimekuzaa au wewe umenizaa?" Akaninunia mpaka mwisho wa wiki. Nikaogopa radhi, nikanyamaza. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Na mchelea mama je? Kidonda kikaanza kunuka.

Sasa nikueleze yaliyotokea wiki ya Maulidi.

Demetria unamkumbuka, Mnyamwezi wa genge la mboga pale kona, mtani wetu. Unazijua taratibu zetu Wazaramo na hao: mtani akikutukana unacheka, na ukikasirika umeshindwa, unalipa faini atakayotaka yeye. Tulikuwa uani, wanawake wa mtaa, tunachambua mchele wa Maulidi. Demetria naye kaja kutusaidia. Saa kumi ikafika. Mama akachomoa kopo lako chini ya upande wa kanga, akalifungua, akameza tonge la kwanza akinitazama machoni.

"Kula, Mzaramo, kula!" Demetria akamwambia. "Mie kanga nitakayovaa msibani kwako nimeshaichagua. Ile nyekundu."

Watu wakacheka, Mama wa kwanza. Basi Demetria akapanda kichwa. Akavuta shuka kwenye kamba, akajifunika gubigubi, akalala mkekani: Mama kafa. Akaamka, akaruka kwa mguu mmoja ua mzima akidai anakwenda kuutafuta mwingine hospitali, maana umesahaulika huko. Mama akacheka mpaka machozi. Hata mie nilicheka, Mungu anisamehe.

Halafu akakuigiza wewe. Akaingia kwa mlango wa uani anaburuta ndoo kama begi la safari, miwani kaiweka utosini. "Mama yuko wapi? Ndege ilichelewa! Nimemletea halua!" Mtu mmoja akamwambia Mama keshazikwa. Demetria akapiga magoti mbele ya lundo la mchele, akachota halua kwa vidole, akaipaka juu ya mchele kidogo kidogo, anabembeleza, "Kula, Mama. Kula tu, sasa haikudhuru."

Hakuna aliyecheka. Wote pale walikuwepo Baba alipofariki. Wote walikuona ukiingia jioni ile, tumeshazika, kopo la halua mkononi. Hujarudi tangu siku hiyo.

Mama akasimama. "Mwanangu asiguswe! Toka kwangu!"

"Umekasirika, mtani," Demetria akasema. Sauti yenyewe ilikuwa ya upole. "Lipa. Nataka kila kitamu kilichomo humu ndani."

Mama unamjua kwa mila. Akaingia chumbani akichechemea, mie nyuma yake. Kopo likatoka ndani ya sufuria la shughuli. Jingine kwenye begi la nguo za Idi. Asali ilikuwa nyuma ya mtungi. Alipoinua godoro kutoa sukari guru, vikamwagika na vidonge. Vidonge, Twalib! Vyote nilivyokuwa nampa kwa mkono wangu, anaviweka shavuni, mie nikigeuka anavitema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si Twalib alisema?"

Nililia pale pale, na nilikuwa nakulilia wewe kwa hasira. Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, na mindevu yako hiyo.

Sasa anameza, na anafungua mdomo niukague. Chai yake ni ya mdalasini, na Demetria anapita kila saa kumi kukagua kikombe, akikuta kitamu anachukua, na juu yake anasonya. Sukari imeanza kushuka. Kidonda kimekauka pembeni, katikati bado. Daktari hajatuambia kuwa mguu umepona, kasema turudi mwezi ujao. Kwa hiyo usitume halua wala asali wala tende. Ukitaka kutuma kitu, tuma viatu laini vya kufunika kisigino, na ujumbe wa sauti wa maneno matatu: Mama, meza vidonge. Vile alivyokutii kwa ubaya atakutii kwa wema.

Mjomba Mwishehe anakusalimu, anauliza kama bado unalikumbuka shamba. Demetria naye anakusalimu, anasema miwani yake ya kukuigizia anayo bado. Mpe Najat salamu zangu, na wanangu wabusu mmoja mmoja.

Nilitaka niishie hapa. Lakini juzi asubuhi Mama alikuwa ameshika kikombe chake cha uwatu, hanywi, akaniuliza, "Hivi Tabu, Twalib akija atanikuta?" Sikumjibu, kwa sababu mwenye jibu ni wewe. Na nisione dole gumba.

Mungu akulinde huko uliko, akulete ukiwa salama, na akulete mapema.

Ni mie dada yako, ninayekupenda hivyo hivyo na hasira zangu,

Tabu