Santuri Zimekwisha Dukani

Utange, 4 Machi 1961

Mdogo wangu Mwanasaumu,

Salamu nyingi. U hali gani huko Mtongwe, na shemeji Ishaka hajambo? Mimi mzima, ila vidole vimeota sugu za gita. Sasa kaa kitako usome. Jana nilipita duka la santuri nikaambiwa santuri yetu imekwisha, haikubaki hata moja. Kampuni inataka tuimbe ya pili mwezi wa Mei. Najua ulisema ukishaolewa basi, lakini mwambie mumeo watu wanatutaka. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini mimi bila sauti yako ni nusu mtu.

Dadako, Kafedha

Mtongwe, 19 Machi 1961

Shikamoo dada,

Barua nimeipata. Hali yangu si njema, lakini naamka. Santuri amezinunua Ishaka, zote, na za hotelini pia. Nimezikuta nyuma ya choo, vipande vipande, karatasi zenye majina yetu zimebanduka kwa mvua. Nilipomwuliza hakuficha. "Kila nikipanda feri vijana wananiimbia wimbo wa mke wangu. Wallahi nimechoka." Alisema huku analia, nami nikamwonea huruma, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tafuta mwenzio mwingine.

Mdogo wako, Mwanasaumu

Utange, 2 Aprili 1961

Mdogo wangu,

Pole. Natumai umepata nguvu kidogo. Nami nilikuwa nimeshajigamba mbele ya kanisa zima kwamba tumekuwa watu maarufu, mjinga mimi. Kampuni imeniletea msichana aimbe sauti yako. Anaimba vizuri, hakosei hata pale wewe unapokosea kila siku. Nikashindwa kuendelea. Nimewaambia sitaki, nao wakaniambia basi kwaheri. Njoo unione, hata saa moja.

Dadako, Kafedha

Mtongwe, 28 Juni 1962

Shikamoo dada,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya. Nimejaliwa mtoto wa kike, naye hajambo, alhamdulillahi. Ishaka anasema nitakuja Utange siku ambayo haitabaki santuri hata moja. Anasema imebaki yako tu. Najua ninachokuomba. Nipe, dada. Nakutamani wewe kuliko ule wimbo.

Mdogo wako, Mwanasaumu

Utange, 10 Julai 1962

Mdogo wangu,

Hongera ya mtoto. Kaka yangu Randu ndiye anayekuletea barua hii na santuri, nimeifunga ndani ya leso. Sikuisikiliza tena, ningeisikiliza nisingeitoa. Mpe mumeo, kisha njoo na binti yetu. Jumapili hii nitapika wali wa nazi na mboga ya mchunga, na usipokuja hii nitapika ijayo.

Dadako, Kafedha

Utange, 15 Desemba 1963

Mdogo wangu Mwanasaumu,

Salamu, ingawa hii ni barua ya sita tangu nikuletee santuri, nawe hujaja wala hujanijibu. Mtoto anatembea? Alhamisi, siku ya uhuru, tulijaa kwa jirani yangu Jumwa kusikiliza redio. Baada ya hotuba wakapiga nyimbo, mara nikasikia gita langu. Kumbe watu wa redio nao walikuwa na santuri yao. Ukaingia wewe, ukakosea palepale. Watu wakapiga vigelegele, wakanivuta nicheze. Niliwasukuma nikaenda kuizima kwa mkono wangu, nao wakaniona mwendawazimu. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kama kwenu kuna redio, na kama Ishaka alikuwa nyumbani.

Niandikie neno moja tu, kwamba u mzima.

Dadako, Kafedha