Chumba cha Mama Fundi

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumanne, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa kifungua mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Umelalaje, umeamkaje, umekula nini? Goti likoje? Usiniambie halijambo, maana najua unavyosema halijambo huku umelishika kwa mikono miwili. Kama bado mnasimama kutwa nzima kupiga pasi mashuka ya hoteli, mwambie huyo msimamizi wenu akutafutie kigoda. Akikataa, mwambie mama yako bado yu hai na ana fimbo.

Mimi mzima. Meno yaliyobaki ni manne na yanasikilizana. Macho yamechoka, lakini mwongo bado namtambua akiwa ng'ambo ya barabara. Mdogo wako hajambo, mkewe hajambo, watoto wao hawajambo na kelele zao hazijambo.

Najua umeshangaa mwandiko. Barua zangu zote miaka hii aliziandika binti yako, mimi nasema, yeye ananyoosha. Hii nimeandika mwenyewe. Unakumbuka alivyokuwa na miaka tisa, akitoka shule ananikalisha kwenye meza hii hii, ananipa kazi ya kuandika, na nikikosea ananigonga rula kwenye vidole kama alivyogongwa yeye? Darasani sikuwahi kukaa hata siku moja. Mwalimu wangu ni huyo tu. Na barua hii inamhusu yeye, sasa ningemwambia aiandikeje? Ukikuta neno limekatwa vibaya, lisome kwa sauti, litakaa sawa.

Ungeniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungeikata. Barua, hata ukiichana, utaichana umeshaisoma.

Basi niseme. Binti yako amepata nyumba na ameshahamia, wiki ya tatu sasa. Ulipomkatia simu mwezi wa tatu ulimwambia kwamba nyumba isiyo na mtoto hutatia mguu, na mkataba wako ukiisha mwezi wa kumi utafikia kwa mdogo wako. Mdogo wako ameanza kutafuta kitanda. Nimemwambia asubiri. Wewe soma mpaka mwisho, halafu uamue utafikia wapi.

Kwanza nikwambie kosa langu, usije ukadhani nimeketi kukuhukumu. Aliponiambia kwamba hatazaa, kwamba ana miaka thelathini na sita, ameshafikiri na wala haumwi popote, mimi nilikasirika kuliko wewe. Nilimwambia, "Ukizeeka, nani atakupa maji ya kunywa?" Wakati huo alikuwa ananiosha miguu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bibi, wewe umezaa sita. Maji unapewa na nani?"

Mwanangu, nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaomba maji. Akaniletea.

Sikuandikii hilo kukuchoma. Uko mbali kwa ajili ya matumbo yetu, nalijua hilo na Mungu analijua. Nasema tu kwamba swali langu lilikuwa limeshajibiwa, limekaa mbele yangu na beseni, nami silioni.

Akaanza kutafuta pa kuishi. Nikamwambia tunaenda wote. Akasema, bibi utachoka. Nikasema nitachokea huko huko.

Ujue kazi yake imekua. Zamani walimletea cherehani moja moja, leo viwanda vinamwita. Akisikiliza mashine inavyogonga, anajua kama mkanda umelegea au sindano imepinda, hata hajaifungua. Nilikwenda naye siku moja nikaona kwa macho yangu. Wanaume watatu wazima wamekunja mikono, yeye yuko chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Akatoka na kipande cha uzi kidogo kama kope. Akasema, "Ndiyo hii." Mashine ikaunguruma. Nilitaka mtaa wote usikie kwamba yule ni wangu. Nilikohoa tu. Waliponigeukia nikasema, "Mjukuu wangu."

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa nyumba mpya, mbele shule, nyuma bembea. Dalali ana viatu vilivyochongoka, anajibu kabla hujamwuliza. Akafungua chumba kidogo chenye rangi ya maziwa.

"Hiki cha watoto," akasema.

"Wa nani?" mjukuu wangu akamwuliza.

"Wako, dada."

"Sina."

"Watakuja."

"Hawaji. Nimewaambia wasije."

Dalali akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mkubwa wa kusema naye. "Bibi, hebu msaidie."

Nikamwambia, "Mimi nimekuja kuangalia bomba. Fungua maji."

Tukiwa getini akatoka jirani kutusalimu, mama mwema, sina neno naye. Akasema, "Karibuni. Mama nani vile?" Hapo ndipo nilipoelewa. Pale kila mwanamke anaitwa kwa mtoto wake, mama wa huyu, mama wa yule, na binti yako amesimama kama mzigo uliokosa anwani. Akamwambia yeye ni fundi wa cherehani. "Aa, fundi cherehani," jirani akasema, "basi utanishonea gauni." Kila mahali ni hivyo. Watu wanasikia wanachotaka, wanadhani anashona. Mtoto yule hawezi kushona hata kifungo, vifungo vyake mpaka leo nashona mimi. Tulipotoka alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Mtaa wa pili aliuchagua kwa hasira, nilimjua tu. Ghorofa refu la vioo, wapangaji wote watu wazima wa maofisini, hakuna mtoto hata wa dawa. Yeye akapanda kuangalia, mimi nikakaa kwenye benchi karibu na lifti. Walipita watu kumi na wanne. Waliosalimu ni wawili, na mmoja kumbe alikuwa anasalimu simu.

Aliposhuka nikamwuliza, "Ukianguka bafuni humu, nani atajua?"

"Mlinzi."

"Mlinzi atajua ukianza kunuka."

Akakaa kando yangu. Kisha akasema, "Bibi, mimi nimekataa kuzaa. Watu sijawakataa."

Nikamwambia, "Basi tuondoke, benchi hili linaniumiza."

Jumatano.

Jana nilikatizwa. Binti yako alikuja jioni kama anavyokuja kila siku, maana kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa kikombe cha chai kupoa. Alitaka nihamie kwake nikakataa, nina majirani zangu na ugomvi wangu hapa. Nikaifunika barua kwa sahani. Hakuuliza. Alipokuwa anaondoka akasema, "Bibi, neno lililochungulia pale, 'mwanangu', lina g." Nimelisahihisha.

Mtaa wa tatu hakutupeleka dalali. Ni mteja mmoja wa binti yako, mshona vitambaa vya viti, aliyesema kwao kuna nyumba mbili tupu. Mtaa wa zamani, nyumba fupi fupi, watu wanafanyia kazi mbele na kulala nyuma. Mkabala kuna seremala. Kushoto kuna nesi mstaafu aliyepanda maua kwenye makopo ya rangi. Kulia, mtu na mkewe na watoto wanne wanaokimbia kama mbuzi waliokata kamba. Nikaketi kwenye kiti cha seremala ambacho hakijapigwa msasa, nikasubiri nione wataanza kuuliza nini.

Nesi akatutazama, akauliza, "Na wewe ni fundi wa nini?"

"Cherehani."

"Unashona?"

"Sishoni. Naitengeneza cherehani yenyewe."

Nesi akaingia ndani bila kuaga. Nikajua tumemuudhi. Akarudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka, akakiweka chini mbele ya miguu ya binti yako. Cherehani ya mkono, kuukuu. "Hii imenyamaza miaka kumi na moja," akasema.

Binti yako akachutama pale pale nje, na nguo zake za kutokea. Akatoa bisibisi mkobani, maana mkoba wake hauna poda wala kioo, una bisibisi. Seremala akaacha randa. Watoto wanne wakajipanga ukutani, kimya kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, mama yao aliapa. Mimi nikaletewa chai, na kabla sijaimaliza nesi alikuwa anazungusha mkono wa mashine na mishono inatoka imenyooka kama siafu njiani.

Seremala akauliza, "Fundi anahamia lini?"

Hakuna aliyeuliza mama nani. Siku hizi nikienda, nikiulizia kwa jina lake wananitazama tu. Nikisema Fundi, mkono unanyooka mlangoni kwake. Baadaye nesi alimwuliza kama ana watoto, kama watu wanavyoulizana. Akamwambia hana wala hataki. Nesi akasema, "Mimi niliwazalisha wa watu miaka thelathini, nikaona inatosha. Vuta kiti."

Wale wanne wanamletea baiskeli zao azitie mafuta. Anawapenda, na wao wanampenda. Jua likizama anawarudisha kwao, anafunga mlango, anakaa na kikombe chake na kimya chake. Nimeuona uso wake akikaa hivyo, mwanangu. Umetulia. Sijauona hivyo tangu akiwa mwanafunzi.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Nimesema nyumba zilikuwa mbili. Ya kwanza iko kona, karakana chini, vyumba juu, madirisha mapana, mwanga unaingia kutwa nzima. Nilimwona alivyoyatazama madirisha yale. Ya pili iko katikati ya mtaa, yote iko chini, ndogo, mchana lazima uwashe taa. Akachukua ya pili.

Nikamwita mjinga. Nikamwambia kazi yake ni ya matundu ya sindano, anataka kupofuka? Nikafikiri, ahaa, ni kwa ajili yangu, anaogopa ngazi zitanishinda. Nikavimba kichwa. Nikamwambia miguu yangu inapanda ngazi kuliko yake.

Akasema, "Si wewe, bibi. Mama ana goti."

Chumba cha nyuma ni chako. Kina kitanda, amekiinua kwa matofali ili usipinde goti ukitaka kukaa. Chooni seremala ametia mbao ya kushikia. Kuna kigoda dirishani. Pasi haimo. Pasi ameiweka kwenye chumba chake, anasema wewe umepiga za kutosha. Nikamwambia, mama yako amesema hatatia mguu. Akasema, "Najua. Chumba hakina haraka." Kisha akarudi kwenye mashine zake na taa yake.

Lingine hili alaumiwe seremala. Alipokuja kupima ile mbao akauliza ni ya urefu wa nani. Akaambiwa, wa mama. Tangu siku hiyo mtaa mzima unauliza, "Mama Fundi anakuja lini?" Nesi amekuwekea dawa ya kuchua. Wale wanne wameshagombana nani atabeba begi la Mama Fundi, na mmoja amepoteza jino kwa ajili hiyo, lilikuwa linalegea hata hivyo.

Mimi tangu nikuzae sijaitwa jina langu. Mwaka wa hamsini na nane huu naitwa kwa jina lako. Ninaitwa sokoni, ninaitwa msibani, nageuka, na sijachoka kugeuka hata siku moja. Wewe ulilia kwenye simu kwamba mwanao hatakuwa mama wa mtu. Lia, ni haki yako, nami nililia. Ila ukishajifuta, kumbuka kwamba wewe ni mama wa mtu, na kuna mtaa mzima unaokuita kwa mtu huyo, na hujafika kugeuka.

Nisalimie wenzako wa chumba cha pasi, hasa yule mpole anayekupa nafasi karibu na dirisha. Mdogo wako na mkewe wanakusalimu. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mungu akulinde kazini na njiani, akulainishie goti na moyo, moyo kwanza.

Mwandikie mtoto. Si lazima iwe ndefu. Kwenye bahasha usiandike jina lake, hawatampata. Andika Fundi. Na nyuma, pale pa kuandika imetoka kwa nani, unajua sasa uandike nini.

Ni mimi niliyekuzaa na ambaye hajaacha kukupenda, hata ukininunia,

Mama yako.