Mpunga Kwenye Njia ya Baiskeli

Mama,

Ni mimi, Habona wako. Nimechoka, lakini nisipokwambia wewe sijui nimwambie nani.

Barabara ya Minjila imebadilika. Tangu lori likugonge na baiskeli yako ya ndizi, nimezunguka maofisini na chifu mpaka makarani wakawa wakiniona wanainuka kwenda kunywa chai. Mwishowe matuta yakawekwa pale pale ulipoanguka, na pembeni ikajengwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, yenye ukingo wa zege ili magari yasipande. Siku Baba alipoipita mara ya kwanza na baiskeli yako, nililia. Macho yake unayajua, hayaoni vizuri. Nikaona sasa atakwenda Garsen kuchukua dawa na atarudi.

Basi, tukavuna mpunga.

Utacheka. Ile njia ni safi, ina joto, haina mchanga. Kijiji kizima kikatandika maturubai juu yake na kuanika. Na wewe ungekuwa wa kwanza, usibishe, nakumbuka ulivyokuwa ukianika mpaka juu ya paa la choo ukisema, "Jua ni la bure, Habona." Nilipowaambia njia ni ya watu, walinijibu kwa upole kwamba mpunga pia ni wa watu.

Juzi Baba akakuta mpunga mbele yake, akashuka kwenye lami ili auzunguke. Lori likapiga honi nyuma yake, akajitupa kichakani. Alirudi na suruali iliyochanika, akaniambia ameteleza tu. Niliketi jikoni nikashindwa hata kuwasha moto. Nimekuzika wewe, Mama. Sina nguvu za kuzika mwingine kwa sababu ya barabara ile ile.

Jana jioni nilikwenda nyumba kwa nyumba. Watu walizoa wakinung'unika, mmoja akaniita mwenye barabara. Turubai la mwisho lilikuwa la mama mdogo Maro. Ndugu yako hakubishana nami. Alisema tu, "Huu ni wa mamako. Wa Jumamosi." Jumamosi ndiyo kumbukumbu yako.

Nikashika pembe mbili za turubai nikavuta. Mama mdogo akalia, nami nikalia, tukaubeba pamoja mpaka uani kwake, penye kivuli. Hautakauka vizuri. Ukitwangwa utavunjika, na wageni wako watakula wali wa chenga. Wakiuliza, nitasema ni mimi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitaisafisha njia ile kila mavuno, hata wakinichukia. Asubuhi hii Baba amekwenda Garsen, polepole, peke yake, na pembeni palikuwa peupe.