Msumeno wa Betri na Murinzi wa Mpakani

Mama Consolate, mshauri wetu wa kila wiki,

Kabla sijakuomba msaada nipe nafasi nitoe tangazo rasmi. Wakazi wote wa Nyakabiga, wenye nyumba na wapangaji, mnaarifiwa kwamba mimi Hamimu, fundi cherehani, mwenye miaka hamsini na tatu na mgongo wa miaka themanini, sasa ni mmiliki halali wa msumeno wa betri. Hauombi petroli, hauna kelele nyingi, na unachajiwa kwa kinyozi jirani mwenye sola, maana umeme wa kwangu huja kama mgeni asiyetoa taarifa. Tangazo limeisha. Sasa nisaidie, mama, nimechoka.

Msumeno huu aliniletea binti yangu Houda alipokuja likizo kutoka Ubelgiji, akasema papa, acha kuhangaika na shoka huko mnakokwenda kuwinda, na mimi sikumwambia kwamba hilo neno kuwinda tunalitumia kwa kujipa heshima tu, kwa sababu tangu tuanze kwenda kila kiangazi kule kolini kwa rafiki yangu Sylvère, milimani juu ya Kanyosha, tumekamata kanga mmoja, na mwenyewe alikuja kumchukua. Kwa hiyo kuku tunamnunua njiani, mimi namchinja ili wote tule, Waislamu na Wakristo, Sylvère anapasua kuni, tunalala kwenye hema, tunarudi Jumapili tukinuka moshi, na mke wangu Sikuzani ananipokea mlangoni, "Haya, simba yuko wapi?"

Mwaka huu Sylvère mguu ulimvimba, akasema nendeni tu, kwangu ni kwenu, basi nikaenda na shemeji yangu Massoudi, ambaye njia nzima alikuwa akiutazama ule msumeno akisema, "Shemeji, hii ni ya kukata miti ao ni ya kukata keki?" na tulipofika nikakata vijiti, nikakata gogo moja lililooza, nikakata na kigingi cha hema bila kukusudia, Massoudi akacheka mpaka akakaa chini, na kwenye betri ilikuwa imebaki taa moja, ndipo nikaona mti umesimama mpakani mwa shamba, mkavu, hauna jani hata moja, nikaukata, ukaanguka vizuri kabisa, Massoudi akapiga makofi, na kuni zake zikatoa moshi mtupu hadi kuku tukamla nusu mbichi.

Wiki iliyofuata Sylvère, ambaye msumeno wangu hakuwa ameuona, akanipigia simu, sauti imekauka. "Hamimu, Dieudonné amekata murinzi wa papa." Huyo Dieudonné ni mtoto wa baba yake mdogo, mashamba yao yamepakana, waligombania mpaka huo miaka mingi na walikuwa ndio kwanza wametulia, na murinzi ndio ule mti nilioukata, marehemu baba yake Sylvère aliupanda kwa mkono wake uwe alama. Mimi Mswahili wa mjini nitajuaje? Najua vitambaa, sijui miti. Hapo ningesema ni mimi, yangekwisha. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Eh, watu wana roho mbaya."

Ni hayo tu niliyosema, mama, na sasa yamezaa. Jumamosi ijayo wazee wa kolini wanakaa kumhukumu Dieudonné. Anaapa hajui kitu, hakuna anayemsadiki, wanawe wamekatazwa kupita kwa Sylvère kwenda kuchota maji, na Sylvère amenichagua mimi, mimi huyu, niwe shahidi wake kwamba mwaka jana mti ulikuwapo. Nikisema, nampoteza rafiki wa ujana wangu. Nikinyamaza, yule mtu anapoteza shamba. Massoudi anasema ninyamaze, mti ulikuwa umekufa hata hivyo. Nimeanza kushona mashati ya watu mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nifanye nini?

Hamimu, fundi aliyechoka, Nyakabiga

*

Bwana Hamimu,

Nimecheka kwa kanga, nimecheka kwa keki, halafu nikaacha kucheka.

Pole kwa mgongo. Pole na kwa roho, maana naona imeufuata mgongo. Lakini tusidanganyane. Wewe unaogopa kumpoteza rafiki. Dieudonné anakaribia kupoteza shamba na jina lake, na hajakata hata kijiti. Unadhani nyumbani kwake hawajachoka? Wao maji wanayafuata mbali sasa, kwa ajili ya sentensi yako moja. Ulisema watu wana roho mbaya, ukasahau kumtaja mwenyewe.

Huyo Massoudi mwache. Ni mtazamaji, na mtazamaji akimaliza kupiga makofi anakwenda kwake kulala.

Kuna jambo jingine. Mimi nimezaliwa kolini. Kiangazi murinzi hauna majani, ni kweli, na fundi wa mjini anaweza kuudhani umekufa. Lakini majira hayohayo unakuwa na maua mekundu juu, yanaonekana toka mbali, hata kwa mtu aliyetazama vitambaa maisha yake yote. Katika barua yako ndefu maua hayamo. Mimi sikuulizi. Sylvère atakuuliza.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Sylvère kabla ya Jumamosi, kwa miguu yako, si kwa simu. Simu ndiyo iliyokuponza. Usiende na shemeji, wala zawadi, wala utani. Utani wako mtamu, lakini unajifichia humo. Ukishamwambia, mwende wote wawili kwa Dieudonné, na wewe ndiye ufungue mdomo. Jumamosi simama mbele ya wazee uwe shahidi kama ulivyoombwa, ila ushuhudie ulichofanya. Murinzi unaota kwa tawi: ombeni tawi kwa jirani, mlipande palepale wazee wakiona, mlimwagilie mpaka mvua zianze, na kisiki msikiguse, nacho kitachipua. Msumeno usiutupe, hauna kosa. Ni wa miti iliyoanguka, na kabla ya kuuwasha unamuuliza mwenye shamba. Na shoka mrudishie Sylvère. Kupasua kuni ilikuwa kazi yake.

Mama Consolate

*

Mama Consolate,

Nilikwenda. Sylvère alinisikiliza mguu ukiwa juu ya kiti. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alisema tu, "Mi nilikataza batoto ba Dieudonné maji, Hamimu. Maji." Kesho yake tulipanda kwa Dieudonné, Sylvère akichechemea, nikasema yote mlangoni kabla sijakaribishwa. Dieudonné alitutazama mmoja mmoja. "Na mi nilishaanza kujiuliza," akasema, "pengine nilikata mu usingizi."

Jumamosi nilisimama mbele ya wazee na Kirundi changu cha dukani. Walitikisa vichwa, hakuna aliyenisaidia neno. Kisha tukapanda tawi. Dieudonné alileta bidoni la maji kutoka kisima cha Sylvère, Sylvère akashika jembe, mimi nikashika tawi. Tulipoinama, Sylvère akaniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Uliyaona maua?"

Nakuandikia kama ilivyokuwa, mama. Niliyaona. Yalikuwa mekundu, na ndege wadogo walikuwa wakiingia na kutoka humo. Nilijua ule mti ni mzima. Lakini Massoudi alikuwa bado anacheka, kwenye betri imebaki taa moja, na mimi sikutaka kurudi Nyakabiga nikiwa mtu aliyekata kigingi cha hema. Hakuna zaidi ya hapo.

"Niliyaona," nikamwambia.

Akasukuma udongo kwa jembe.

"Shika tawi wima," akasema. "Unalilaza."