Nilimgawia mdogo wangu saa ya Uswisi niliyonunuliwa na mume

Mshauri wangu, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, maana hata kwenye karatasi naona aibu, lakini naomba unisaidie. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Babati, tunaishi Nangara, na mume wangu, Baba Rogathe, anachomelea mageti kule Bonga. Mwezi wa sita aliniletea zawadi kwenye kiboksi, nikakifungua mbele ya wifi zangu nikitegemea kitu cha dhahabu, nikakuta saa ya mkanda mweusi, uso mweupe, haina hata kito kimoja, nikasema, "Ndiyo hii tu? Mbona kama ya mwanafunzi?" Wifi zangu wakacheka, yeye akasema taratibu, "Ni ya Uswisi, Mama Rogathe, imeandikwa hapo chini," nami nikamjibu kwamba siku hizi hata za mnadani zinaandikwa Uswisi, wakazidi kucheka, na yeye akatoka nje.

Sikuivaa hata siku moja. Mdogo wangu Silas alipoitwa kwenye usaili wa kazi nikampa, nikamwambia asirudishe. Sasa mwezi uliopita Silas alitualika Singe kwenye ubatizo wa mwanawe, akaja kumnawisha shemeji yake maji, na saa ile iko mkononi, mume wangu akaitazama, akasema tu, "Imekupendeza, shemeji," akanawa, akala, na tangu siku hiyo hajaniuliza neno, ananisalimia vizuri, analeta mboga, ila hanitazami usoni.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Hamdani, fundi saa, kununua betri ya saa ya ukutani, akaniuliza, "Ile saa inakwendaje? Mumeo alikuja hapa mara nne. Nilimwonyesha zinazong'aa akazikataa, akataka ya Uswisi ya kweli ambayo mchomelea mageti kama yeye anaimudu, na mshale wa sekunde uonekane vizuri. Alisema mke wake anahesabu pumzi za watoto wagonjwa kwa simu iliyopasuka kioo." Nikamjibu inakwenda vizuri, Mzee, nikatoka bila hata hiyo betri niliyoifuata.

Nimefikiria nimwombe Mzee Hamdani anitafutie nyingine kama ile, niivae, nimwambie mume wangu kwamba ya Silas alijinunulia mwenyewe. Je, nifanye hivyo?

Bernadetha (si jina langu halisi)

JIBU

Usithubutu, Bernadetha! Mwanaume aliyerudi dukani mara nne kwa ajili ya saa moja hashindwi kuitambua mkononi mwa mtu. Anajua. Aliyebaki kusema ni wewe.

Pole, mama. Naona unaumia, na mtu anayeona aibu bado ana dhamiri. Ila aibu peke yake haimponyi uliyemjeruhi, na wewe unataka kuongeza uongo juu ya dharau.

Na utakapomwomba msamaha, usimwambie, "Sikujua kama ni ya Uswisi kweli." Ukisema hivyo, unamaanisha kwamba ingekuwa ya bandia ungekuwa na haki ya kumcheka. Hukuwa na haki hiyo hata angekuletea saa ya plastiki. Mwambie ulimdharau mbele ya dada zake, kisha zawadi yake ukaigawa. Ukishasema hayo nyamaza, umwache aongee, hata akikasirika.

Silas mweleze ukweli wote, umwombe saa, usimwamrishe, maana yeye hana kosa. Akikurudishia, ivae kazini kila siku. Akikataa, usigombane naye, hasara hiyo ni yako. Na wifi zako waite. Ulimfanya mumeo kichekesho kwao, basi umwombe radhi hapo hapo mbele yao.

Lakini hayo yote yanafuata. Leo Baba Rogathe akirudi kutoka Bonga, usingoje ale kwanza, wala usingoje watoto walale. Mwambie kabla hajavua viatu.