Tabikoli Ukutani Kwangu

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka kwa Mama Mkubwa nikakuta chumba changu kimebandikwa jina la mtoto. Mtoto mwenyewe bado yumo tumboni, anapiga mateke yake kwa amani. Ukuta mzima juu ya kitanda changu: TABIKOLI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, na nyota pembeni, eti ya kupendezesha. Kama duka la vipuri vya pikipiki!

“Sapraizi!” akasema Fundi.

Fundi ni mume wa Mama. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa sababu ndiye anayechora mabango ya saluni na gereji zote kuanzia hapa hadi stendi. Na mimi namwita Fundi, kwa sababu lile neno jingine halijanitoka bado.

Akanieleza, brashi bado mkononi. Nusu ya mbele ni jina la Mama, nusu ya nyuma ni lake. Linafaa la kike, linafaa la kiume. Linakaa vizuri ukutani. Na duniani hakuna mwingine mwenye nalo — hilo naliamini kabisa. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha wote wawili wakanigeukia, wanangoja.

Nikasema, “Zuri.”

Zuri! Linasikika kama dawa ya kikohozi. Tabikoli, tikisa chupa kabla ya kutumia, weka mbali na watoto.

Chumba sasa ni changu na huyo mgeni, kwa hiyo nitalala chini ya dawa ya kikohozi hadi nizeeke. Rangi ya mafuta hiyo, haitoki. Nimejaribu kwa kidole na mate.

Jambo moja niandike kisha nilale. Nyumba ina watu watatu. Jina lina wawili.

Jumanne, 6 Mei

Marehemu Baba aliniachia vitu viwili: masikio yake na jina langu. Masikio yanafichika kwa nywele.

Jina ndilo tatizo. Kila mwalimu mgeni akiita mahudhurio, akifika kwangu anasimama. Anasogeza karatasi machoni. “Na huyu… huyu…?” Mimi nanyoosha mkono kama mtuhumiwa. Shule yetu inafundisha kwa lugha mbili, na wanalikosea kwa zote mbili. Sitaliandika hapa. Nalijua.

Kwa hiyo kuhusu majina nina uzoefu, asanteni. Jina likivuka lango la shule, si lako tena.

Leo nimelipima Tabikoli. Mwenzangu wa dawati ni bingwa wa kuharibu majina ya watu. Nadhani ndicho kipaji pekee alichopewa, na amekitumia vilivyo. Nikamwambia nina binamu wa mbali anaitwa hivyo. Hakuvuta hata pumzi.

“Tabu Kali!”

Darasa zima likageuka.

“Huyo Tabu Kali akija shule yetu, shosti, umwambie abaki kwao tu, asome nyumbani.”

Nikacheka pia. Kwa sauti! Mimi, dada mtu, mlinzi wa familia.

Alhamisi, 8 Mei

Mama Mkubwa amekuja kuokoa hali. Mungu atunusuru.

Alisimama mlangoni mwa chumba changu na mkoba bado begani, akautazama ukuta kama mtu aliyeonyeshwa ajali. “Shemeji, hili ni jina au namba ya gari?”

Fundi akasema ni la kisasa, shemeji.

Ndipo naye akatoa yake. Mama Mkubwa haangalii tamthilia, anaishi humo. Majina yote yalikuwa ya mabinti matajiri wanaolia kwenye ngazi. La mwisho, lile alilolipenda zaidi: Quezandra.

Fundi aliinamisha kichwa, akalitafakari kwa haki kabisa. “Q sijaichora tangu nianze kazi, shemeji. Na ina mkia. Itashuka mpaka kwenye mto.”

“Mtoto unauzalia ukuta?”

“Ukuta ndio upo. Mtoto bado.”

Mama, miguu juu ya stuli, vifundo vimevimba kama maandazi, akasema yeye amechoka, kama hakuna jina jingine basi libaki hilohilo. Halafu Mama Mkubwa akanikumbuka. “Na wewe bibie? Dada mtu huna la kusema?”

Macho ya watu wote. Yote kwangu.

“Lolote tu,” nikasema.

“Haya, aitwe Lolote,” akasema Mama Mkubwa. “Angalau linatamkika.”

Wakacheka. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeshinda kibandani kwa Fundi. Mama kanituma, eti nikamsaidie. Nadhani alitaka kulala bila kusikia kimya changu.

Bango la saluni. Fundi anachora herufi, mimi najaza kivuli. Kazi nzuri kwa watu kama mimi: hakuna anayesoma kivuli. Kila akimaliza neno anavuka barabara, anasimama upande wa pili katikati ya watu na mikokoteni, anatazama. Anasema bango husomwa na mtu anayepita, si na mwenye brashi. Nikataka kumuuliza: na ule ukuta wangu, uliuvukia barabara gani? Nikajaza kivuli.

Akaanza mwenyewe. Akasema mtoto wake wa kwanza huyu, na mikono inamtetemeka kila akimfikiria, isipokuwa akishika brashi. Ndiyo maana alipaka. Nikasema, “Aha.” Mzungumzaji mahiri, mimi.

Halafu, bila kuniangalia: “Unajua jina lako nililifanyia mazoezi?”

Kumbe! Siku ya kwanza alipokuja nyumbani alilitamka sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, bila kusita. Nilidhani ni bahati. Kumbe wiki nzima alikuwa analisema bafuni huku maji yamefunguliwa, wapangaji wenzake wakadhani anasali. Mama alikuwa amemwonya: ukilikosea hilo, usirudi.

Inaudhi. Mtu unajipanga kumchukia mtu kwa utaratibu mzuri, naye anakuvurugia.

Jumanne, 13 Mei

Mwetu.

Limenijia nikipiga mswaki. Sijui lilitoka wapi. Mwetu. Si la Mama, si la Fundi, si la Baba. Ni la humu ndani, sote tumo.

Nimelivaa siku nzima kuona kama linabana. Mwetu, shuka hapo utaanguka! Mwetu, nani kamwaga unga? Daktari Mwetu anakuja, kaa hapo. Linavalika! Si la kila mtaa, lakini mwalimu hatasogeza karatasi machoni.

Bingwa wa dawati nikampa alivunje. Kipindi chote cha hesabu alihangaika nalo, midomo inacheza, penseli inatafunwa. Kengele ilipolia akasema kwa hasira: “Hilo halina pa kushika.”

Sifa kubwa kuliko hiyo sijapata kuisikia.

Sasa limebaki jambo dogo tu: kulisema mbele ya watu. Dogo kweli. Kama kuhamisha nyumba.

Ijumaa, 16 Mei

Amezaliwa! Wa kike. Salama, yeye na Mama. Ana uso wa mtu aliyeamshwa kwa makosa.

Hospitalini nesi alikuja na kalamu akauliza jina. Fundi akalitaja. “Rudia, baba?” Akarudia. “Mara moja tena?” Mwisho nesi akaandika “Mtoto”, akasema hayo mengine tumalizie nyumbani kwa utulivu. Fundi alibaki anatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma, na nilifurahi. Vyote viwili vilikuwemo, sitadanganya.

Kisha akatoka kununua maji, nami nikapewa nimbebe. Mzito kama mkate. Mama alikuwa amefumba macho. Nikainama sikioni kwa mtoto — ana masikio madogo, mwenye bahati — nikasema polepole, “Mwetu.”

“Umesema nini?” Mama, macho bado yamefumbwa.

“Hakuna.”

“Rudia hicho ambacho hakuna.”

Nikarudia. Akafumbua jicho moja. Kisha: “Mwambie Fundi.”

“Mwambie wewe.”

“Mimi nimeshonwa, siendi popote. Wewe una miguu.”

“Mama, tafadhali.”

“Nikimwambia mimi litakuwa langu. Lako lisemwe na wewe.”

Fundi akaingia na maji. Mama akanitazama. Nikasema nakwenda kutafuta gilasi.

Jumapili, 18 Mei

Nimefanya ujinga. Naandika haraka, niko chooni, komeo nimefunga.

Mama na mtoto wanarudi leo. Fundi aliondoka asubuhi kwenda kutafuta gari. Kusema sikuweza — Ijumaa sikuweza, jana sikuweza, leo kwenye chai sikuweza. Kwa hiyo nimefanya jambo la kistaarabu zaidi: nimechukua kopo lake la rangi nyeupe, nikaanza kufuta ukuta.

Nilianzia kulia. Sijui kwa nini nilianzia kulia.

Najua kwa nini.

Nyota, I, L, O, K. Nikafika hapo, nageuka kuchovya brashi — yuko mlangoni, na funguo mkononi. Ukutani imebaki TABI. Mama peke yake. Nusu yake yeye imekwisha kuwa maziwa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

“Umeanza na mimi,” akasema.

Machozi yakaanza, yangu, bila ruhusa. Akaja, akanitoa brashi mkononi taratibu, akaunusa ukuta. “Nyekundu hii itatoboa. Mikono miwili ya rangi haitoshi, inataka mitatu.” Kisha akafuta TABI. Mwenyewe. Alipomaliza akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabati, akatazama ule weupe kwa muda mrefu.

“Haya. Badala yake?”

Nikafungua mdomo. Nikasema naenda chooni.

Sasa yuko nje ya mlango huu. Nimesikia akishusha pumzi. Anasema hana haraka, ila gari linasubiri, na Mama amekwisha vaa, amepiga simu mara mbili. Anasema safari hii ataanza na chaki, kwenye ukuta wa pili, ule mkavu wenye kabati. Chaki inafutika, kama si lenyewe hakuna aliyekufa.

Naendelea kuandika.

“Si lazima lote,” anasema. “Nipe herufi ya kwanza tu.”

Nimesema. Nimeuambia mlango, si yeye. Ila mlango ni mwembamba.

Nasikia anasogea karibu.

“M?”

“M.”

“Herufi pana hiyo,” anasema. “Itabidi nisogeze kabati.”

Nasikia kabati linaburutwa.